Pima joto kwanza: kwa vijana mnaoanza kazi ya mifugo

Wiki hii tena nimemwona kijana wa field anaingia bandani, anaambiwa "ng'ombe hali", na kabla hajamgusa mnyama ameshavuta OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini, kwenye bomba. Vijana wangu, nafurahi kila mnapokuja, lakini kwa hili mnanichosha. Nawaandikia hasa mnaopangiwa huku migombani, mteremko wa Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hawatoki bandani na kila kinachoingia tumboni mwao kimebebwa na mtu.

1. Pima joto. Kila mnyama, kila mara, hata kama mwenyewe ameshakutajia ugonjwa. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Ukipata 40.5 na tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba, fikiria ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na uwahi na dawa yake, buparvakwoni, kabla hajaanza kuhema kwa shida. Ukipata 37.5, rudisha OTC mkobani.

Hilo la 37.5 lina kisa. Kuna mama alikuwa na chotara wa Jersey, uzao wa tatu, mwenye maziwa mengi kuliko ng'ombe wote wa kitongoji. Alizaa jioni vizuri tu. Asubuhi akakutwa amelala, shingo imepinda kuelekea ubavuni, pua kavu, masikio ya baridi. Kijana aliyeitwa aliwahi kufika, na kwa hilo nampongeza. Ila hakupima joto, wala hakuuliza ng'ombe amezaa lini, na ndama alikuwa amefungwa pale pale mlangoni, kitovu bado kibichi. Akachoma OTC na multivitamini, akaondoka. Mchana ng'ombe hajanyanyuka, kijana akapigiwa simu, akakubali majirani wamnyweshe mafuta ya kula na magadi kwa chupa.

Nilifika jioni. Mafuta yalikuwa yanatoka puani. Ng'ombe aliyeishiwa kalsiamu hawezi kumeza, maana misuli ya koo imelegea sawa na ya miguu, na unachommiminia kinateremka mapafuni. Nikampa kalsiamu mshipani, ml 400, polepole, stetoskopu kifuani. Akatetemeka, akacheua gesi, akanya, akasimama. Mama akapiga vigelegele, na mimi nikashindwa kufurahi naye kwa sababu nilikuwa nimeshasikia mkoromo wa kifua. Nimonia ilimmaliza siku chache baadaye, antibiotiki zote zikiwa zimeshatumika. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada za wajukuu. Ndama alikuzwa kwa maziwa ya kununua kwa jirani.

Kwa hiyo: ameanguka ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, mwili wa baridi, anza na kalsiamu. Chupa ipashwe mpaka joto la mwili, iingie kwa dakika 10 hadi 20, na moyo ukianza kwenda ovyo, simama. Mkalishe kwa kifua na umwegemeze magunia ya nyasi, kwa sababu akilala ubavu gesi itamjaa. Mdomoni kisiingie kitu mpaka ameze mwenyewe.

2. Tazama hori. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu, yaani ukishatoa maji yake, kwa siku. Matete mabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 60 za majani. Shina la mgomba ni maji zaidi ya hayo: hori linajaa, ng'ombe anakonda, na mnaanza kumpa dawa ya minyoo mara ya tatu. Lakini naomba msimwambie mama "unamlisha vibaya". Mpe shikamoo yake, muombe akuonyeshe mzigo wa majani aliopandisha kutoka tambarare, uuinue mwenyewe. Ukishauweka chini utajua kwa nini anachanganya na migomba, na ushauri wako utabadilika. Utaanza kuzungumzia malisho ya jamii ya mikunde: desmodiamu kwenye kingo za matuta, miti ya lukina kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, na matete kukatwa yakiwa mita moja. Yakimpita mtu urefu, yamebaki vijiti.

3. Maji: lita 4 hadi 5 kwa kila lita ya maziwa anayotoa, kisha ya mwili wake.

4. Pumba na mashudu huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukiitwa kwa ng'ombe aliyevunja stoo ya unga, bonyeza ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto na utulie dakika mbili. Tumbo linalofanya kazi litakusukuma walau mara mbili. Likiwa kimya, na kinyesi ni uji wa kijivu wenye harufu kali, usiage uende kula. Kaa hapo, piga simu kwa mkubwa wako.

5. Ndama apate dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza, hata kama anaonekana mchangamfu.

6. Ukichoma antibiotiki, soma lebo na utaje siku za kumwaga maziwa. Mtajie anayekamua. Baba mwenye nyumba atakuitikia vizuri sana halafu atasahau, na saa kumi na moja alfajiri anayeshika ndoo ni binti au mkwe ambaye hakuwepo ulipokuja. Muite, mwambie, na uandike tarehe kwa chaki kwenye nguzo ya banda.