Mama mkwe hakuwepo: kwa wadogo zangu wanaoanza kuhakiki kazi za kutisha

Wadogo zangu, juzi nilikaa nyuma kabisa ya chumba cha semina, upepo wa Dodoma unapiga madirisha mpaka mtu wa pembeni anashikilia pazia kwa mkono, nikasikiliza mawasilisho saba mfululizo. Sita yalianza na "Filamu hii inatufundisha". La saba lilianza na "Riwaya hii inatuasa". Nikajiinamia. Wala sikuwa nawacheka, maana miaka sita iliyopita nilisimama pale pale mbele na kuharibu kuliko ninyi wote. Hayo nitayasema, ila yasubiri zamu yake.

1. Acheni kuanza na ujumbe. Najua sekondari tulilishwa fani na maudhui kama ugali wa bweni: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, funga daftari. Ukiivamia kazi ya kutisha kwa mtindo huo utatoka na jibu lile lile kila siku: tusiende kwa waganga, tusiwe na tamaa. Hayo hata mjomba wangu anayeuza zabibu barabarani anayajua, na hajawahi kumaliza filamu hata moja bila kusinzia. Anza na mwili wako. Ulinyanyua miguu sakafuni dakika ya ngapi? Taharuki ni wewe kujua kuna mtu nyuma ya mlango huku mhusika hajui. Kushtushwa ni mlango kufunguka hukutarajia. Kinyaa ni kile kinachokusimamisha kutafuna bisi. Ninyi vyote mnaviita "hofu", mnapita.

2. Tazama tukio mara mbili, mara moja bila sauti, mara moja umefumba macho. Lile tukio la bafuni, mwanamke anapochomwa kisu, katika filamu ya Psycho (1960), mwongozaji wake Hitchcock alitaka lipite bila muziki. Bernard Herrmann akatunga zile fidla zinazopiga mayowe, na mwongozaji mwenyewe akakubali kwamba alikosea. Damu ya tukio lile ilikuwa rojo ya chokoleti. Zima sauti uone kama chokoleti itakutisha.

3. Hakiki kazi yenyewe, usihakiki habari zake. Hapa ndipo panaponiuma.

Mwaka wa pili nilipangiwa filamu ya Kijapani ya mzimu. Laptopu sikuwa nayo, bando lilikuwa la kuhesabu. Nikasikia kuna kibanda umiza Majengo wanaionyesha, tena iliyotafsiriwa. Nikalipa shilingi 500, nikabanwa kwenye benchi kati ya konda wa daladala na mtoto aliyembeba mdogo wake mgongoni. Mtafsiri akaanza kazi yake, mnawajua: anatafsiri, anasimulia, anatania, anabatiza watu majina. Yule mzimu mwenye nywele usoni akawa Mwajuma. Yule bibi wa ghorofa ya chini akatambulishwa kuwa ndiye mama mkwe, na ndiye aliyemloga Mwajuma. Kibanda kizima kikaitikia, "Mama mkweeee!" Mimi kalamu mkononi, naandika.

Nikatoa kurasa 12. Kichwa chake bado nakikumbuka kwa aibu: "Mgogoro wa mama mkwe na mkazamwana kama chimbuko la hofu". Nikaingiza ufeministi. Nikamleta Freud, yule mchambuzi wa nafsi, na ile makala yake ya mwaka 1919 kuhusu jambo la nyumbani linalogeuka kuwa geni, ambayo nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja, wenyewe nusu. Nikadai kwa ujasiri kwamba mwongozaji "anatumia ucheshi wa msimulizi kulegeza taharuki". Msimulizi! Mtu aliyekaa na maikrofoni yake hapa hapa nchini, Japani hajawahi hata kuiota.

Siku ya kuwasilisha nilivaa shati la kuazima. Mhadhiri alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na mtu mzima akikusikiliza hivyo ujue umekwisha. Kisha akauliza taratibu, "Huyo mama mkwe yuko tukio gani?" Nikajibu, yule bibi wa ghorofa ya chini, mwalimu. Akavua miwani. "Yule ni mwenye nyumba. Anadai kodi."

Darasa lililipuka. Lakini kicheko hakikuniumiza kama kilichofuata. Aliiweka filamu kwenye projekta, na sauti yake ya asili, akaturuhusu tutazame kipande kile kile. Hakuna anayesema neno. Bomba linadondosha maji. Ngazi inalia mara moja, halafu mara ya pili. Bibi amesimama mlangoni, hajasema anataka nini. Vicheko vikaisha vyenyewe, mmoja mmoja. Nikagundua kwamba kukosea cheo cha mhusika lilikuwa kosa dogo. Nilikosa ukimya wote. Filamu ilikuwa imejengwa kwa ukimya, na mimi niliitazama ikiwa imejazwa maneno kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nikaogopa pale pale, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza na filamu niliyokuwa nimeiandikia kurasa 12.

Nilipata 11 kati ya 30, na nadhani moja ilikuwa ya shati.

Kwa hiyo ninapowaona mnahakiki tamthilia ya vipindi kumi kwa muhtasari wa dakika kumi na mbili wa YouTube, sikasiriki. Tumbo ndilo linaloniuma.

4. Pimeni zimwi linachelewa kuonekana kwa muda gani. Papa wa filamu ya Jaws (1975) alifichwa sana kwa sababu alikuwa wa bandia, na mtambo wake ulikuwa ukiharibika kila mara baharini, na ubovu huo ndio ulioibeba filamu.

5. Kwenye riwaya, uliza nani anasimulia na nani hapewi kalamu. Dracula (1897) ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Wanaosimulia ni wale wanaomwinda; Dracula mwenyewe, yule mnyonya damu, hapewi shajara, ila vibarua vichache tu ndani ya maandishi ya wengine. Na msidhani haya ni mali ya Wazungu. Isomeni Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o (1977), kijana anarithishwa uchawi na baba yake mzazi. Pale hatari haigongi hodi, imo kwenye ukoo.

6. Tenganisheni kilichowekwa na mwongozaji na mlichokuja nacho wenyewe. Kuna dogo mmoja wa Mpwapwa aliniambia nyumba ya porini haimtishi hata kidogo, porini ndiko alikochungia mbuzi; kilichomnyima usingizi ni lifti. Safi sana, nikamwambia, andika hivyo hivyo, halafu uonyeshe filamu ilimtegemea mtazamaji wa aina gani. Naye bundi! Katuni ya watoto kabisa, bundi katua dirishani, ndege mwenye hekima kwa walioichora, na mama yangu mdogo akasimama kuzima televisheni. Hakuna aliyekosea pale. Lakini ukiandika "bundi anaashiria kifo" bila kusema kwa nani, nitakurudishia karatasi.

7. "Inatisha sana" si uhakiki.

Nilirudi Majengo wiki ile ile, na hasira zangu, nikamwambia mwenye kibanda kwamba kwenye ile filamu hakuna mama mkwe. Alikuwa anakunja waya za spika. Akaniangalia kama mtu aliyeleta habari za msiba usiomhusu.

"Kaka," akasema, "sasa bila mama mkwe ungekaa mpaka mwisho?"