Barua kwa mwanangu Raya: damu, kondo na boti ya Pemba

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Umeuliza kama upande boti uje Wete ujifungulie kwetu, ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na huku umeona matone na daktari kakwambia kondo la nyuma limekaa chini. Nitakujibu. Ila kwanza nambie: huko kwa mkweo unapumzika, au bado unakuna nazi?

Maana mimba haina damu ndogo. Mimba ya kaka yako Suleiman iliangukia msimu wa karafuu, na bibi yako mzaa baba unamjua. Nimekaa mkekani nachambua, natoa makonyo, kuinuka tu naona kanga imeingia damu nyekundu mbichi, wala tumbo haliniumi. Akaitazama, akasema mbele ya wachumaji: "Mimba si maradhi. Wasichana wa siku hizi wavivu tu." Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, neno lile lanirudia. Haya, tumtendee haki: kazaa wengi bila ya kuona tone, angejuaje? Lakini hapana, Raya. Kutojua si ruhusa ya kumwita mtu mvivu mbele za watu.

Na huko kutouma ndiko kunakodanganya. Kondo likiziba mlango wa kizazi, damu hutoka bila maumivu. Kondo likibanduka kabla ya wakati ndipo mara nyingi tumbo huuma na kuwa gumu. Zote mbili ni za kukimbilia hospitali, usiku au mchana.

Hospitalini mkunga kijana kashavaa glavu anipime njia. Mkunga mkuu, mama mmoja mfupi wa Kojani, akampiga kofi la mkono: "Toa! Hujajua kondo liko wapi, unatia kidole?" Nilimpenda yule mama! Kidole kikiligusa kondo, damu hufunguka kama bomba. Nawe akitaka mtu kukupima njia, mwambie kwanza la kondo.

Wewe una wiki 20 tu. Mji wa mimba ukikua, kondo la chini mara nyingi hupanda nao, ndiyo maana wanakutaka urudi kupigwa picha wiki ya 32. Lisipopanda, ni upasuaji, na hapo hapana aibu. Kwa sasa usinyanyue ndoo, vidonge vya kuongeza damu usiviache, na mumeo alale upande wake mpaka daktari aseme. Mimba haina damu ndogo, nishasema.

Kuhusu boti, sisemi uje, sisemi usije. Baba yako kanikanya nisikuamulie, muulize daktari. Ila mawimbi ya Nungwi unayajua, na damu ikianza katikati ya bahari, nani atakuongeza nyingine? Basi, nimenyamaza.

Mumeo akapime kundi lake la damu mapema, lisije likatafutwa usiku. Suleiman nimeshamtuma naye, anasingizia kazi nyingi. Anaogopa sindano, yule.

Mamako