Kambi juu ya korongo, tujipange vipi?

Swali: Tunaenda kupiga kambi ukingoni mwa korongo la mto, hakuna bomba, choo wala netiweki. Tujiandaeje?

Jibu: Maji kwanza jamani. Mto mtauona kule chini ila kuufikia ni kazi, so bebeni kama lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na mkichota ya mto yachemke kabisa dakika 1 nzima, mkiwa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ziwe dakika 3. Hema msisogeze ukingoni hata kama mandhari ya pale ni nzuri sana, udongo pale humeguka na usiku mtu anatoka kujisaidia na usingizi wake, tochi zisikose nawaomba sana! Choo ni shimo lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji. Takataka mrudi nazo.