Kwa nini aliyeumia kichwa anaamshwa kila saa

Mkuu uliyeuliza kwa nini manesi hawamwachi mdogo wako alale tangu apate ajali ya bodaboda, mara tochi machoni, mara kumfinya begani: pole sana. Mimi ni nesi wa ICU, na mfinyaji ndiye mimi.

Fuvu halitanuki. Damu ikivujia ndani au ubongo ukivimba, presha inapanda humohumo, na CT-scan (picha ya ndani ya kichwa) ya jana haioni ya usiku huu. Kwa hiyo tunampima mwenyewe kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa na madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974. Siku hizi alama zake ni hizi: kufumbua macho 4, maneno 5, kusogeza viungo 6. Aliye sawa ana 15, wa mwisho kabisa ana 3. Akifika 8 tunafikiria mpira wa kupumulia, maana anaweza kupaliwa na mate au matapishi yake.

Namba moja peke yake haitoshi. Aliyekuwa 15 sasa yuko 13 ananitisha kuliko aliyeganda kwenye 10 tangu juzi. Kuna damu inayokusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo: mtu anazinduka, anaongea, anaomba chai, ndugu mnashukuru Mungu, kisha anaanza kukoroma na haamshiki. Tochi inatafuta mboni iliyopanuka na kugoma kusinyaa. Mara nyingi mgandamizo uko upande huohuo. Na presha ya damu ikipanda huku mapigo ya moyo yakishuka, daktari anaitwa mbio.

Ndugu nanyi mnahitajika. Nilipokea mzee ambaye kila ukimuuliza anajibu "ndiyo" tu, maneno akaandikiwa 3. Binti yake alipofika akamsalimia kwa Kisukuma. Mzee akaitikia vizuri, akauliza ng'ombe wamebaki na nani. Alikuwa na 5 zake zote, Kiswahili ndicho kilichompiga chenga.

Basi mwambieni nesi anaongea lugha gani, nyumbani mnamwitaje, kama sikio moja halisikii, kama alikuwa amekunywa. Jicho lililowahi kupasuliwa au kuumia lisemeni pia, mboni yake inaweza kutudanganya. Na hizo dawa za usingizi mnazotaka kumpenyezea "apumzike" zirudisheni nyumbani, zitatuficha kila kitu.

Leo ana ngapi, na jana alikuwa na ngapi?