Foklifti ya dizeli au ya umeme? Kwanza niambie unafanyia kazi wapi

Juzi ndugu mmoja wa Kibaigwa kanipigia, anataka foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ya kupakia mahindi, akaniuliza achukue ya mafuta au ya umeme. Mimi hizi mashine nimeziendesha miaka tisa hapa Dodoma na sasa nasimamia ghala, nikamjibu kwa swali, unapakilia nje au ndani?

Kama ni nje, kwenye uwanja wa vumbi na mashimo, masika matope matupu, chukua dizeli. Mafuta yakiisha unamimina dumu dakika tano unaendelea, wakati ya umeme hizi betri za asidi zinakula kama saa 8 kwenye chaji halafu inabidi ipoe, sasa msimu umechanganya, malori yamepanga foleni na umeme umekatika, utawaambia nini madereva? Mafundi wa dizeli pia wapo kila kona.

Ila vumbi letu usilichukulie poa. Vitabu vingi vinasema sevisi kila saa 250 za injini, lakini mwezi wa saba na wa nane upepo wa huku ukianza mimi eya klina, chujio la hewa ya injini, naifungua kila asubuhi, ukiigonga kwenye tairi linamwagika vumbi jekundu kama unga wa ulezi. Rejeta nayo inaziba makapi, mashine inachemsha saa nne asubuhi watu wanasema injini mbovu kumbe ni uchafu tu, puliza kwa upepo wa kompresa kinyume na upande ambao feni inapeleka hewa.

Sasa la moshi, hili naomba mnisikilize. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi walileta foklifti ya gesi wakisema hii safi, ingieni nayo ndani. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali tukafunga milango mashudu yasijae vumbi, baada ya kama saa moja vijana wawili wakalalamika kichwa, wa tatu akakaa chini kwenye magunia akaanza kutapika. Moshi hatukuuona, harufu yenyewe kidogo sana. Ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na injini ya gesi au petroli ambayo haijatyuniwa vizuri inaitoa kwa wingi. Tuliwatoa nje haraka, mmoja tukamkimbiza hospitali, namshukuru Mungu wote walipona. Dizeli inatoa kidogo kuliko hizo lakini masizi yake yanaingia kwenye mapafu na kwenye chakula, kwa hiyo nayo ndani hapana, hata ukifungua mlango mmoja haitoshi. Ndani ni ya umeme.

Na mtungi wa foklifti si ule wa kupikia jamani, injini inavuta gesi ikiwa bado majimaji, msiunganishe kienyeji.

Huyo wa Kibaigwa nimemwambia achukue dizeli ya kunyanyua tani 3, malori yapakilie nje, ndani vijana watumie jeki ya paleti, kile kitoroli cha kunyanyua mzigo kwa mkono, mpaka hela ya foklifti ndogo ya umeme ipatikane. Jumamosi anakuja, nitamfungulia eya klina yetu aone mwenyewe.