Maswali na majibu: sakiti breka za gari, ipi ifungwe wapi

Swali (Arusha): Fyuzi ya friji kwenye Land Cruiser ya watalii inaungua kila tukiwa porini. Nikiweka breka ya kubonyeza, nitakuwa nimemaliza tatizo? Na iwe ya ampea ngapi?

Jibu: Breka (hapa ni sakiti breka, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi na inayoweza kuwashwa tena, siyo breka za kusimamisha gari) itakuokoa kubeba pakiti ya fyuzi, lakini haitaondoa kinachoiunguza. Gari ambalo fyuzi yake ni nzima mjini na inaungua kwenye barabara ya matuta mara nyingi lina waya unaokwaruzana na bodi. Fuata waya wa chanya kuanzia betri hadi nyuma, na utazame hasa pale unapopenya kwenye tundu la bati. Kama hakuna mpira wa kuukinga, ganda limeshaanza kulika.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye namba. Friji ya wati 60 kwenye volti 12 inakula ampea 5, na kompresa inapoanza inavuta zaidi kwa muda mfupi. Breka ya ampea 15 inatosha. Kanuni ni mbili: mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya. Ya pili ndiyo inayovunjwa sana, kwa sababu watu wanadhani breka inalinda friji. Inalinda waya.

Waya wenyewe uwe wa milimita za mraba 4. Kutoka betri ya mbele hadi buti ni kama mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya wa 1.5 utapoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea 5, na friji itajizima ikidhani betri imeisha. Wa 4 unapoteza volti 0.2 tu. Breka ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na breka hakilindwi na chochote.

Swali (Mombasa): Dukani kuna breka zinazojirudisha zenyewe na nyingine za kurudisha kwa mkono. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Jibu: Jiulize kwanza: hitilafu ikiwa bado ipo, unataka umeme urudi wenyewe au hapana?

Aina ya kwanza inajirudisha yenyewe. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili unaopinda ukipata joto na kuachanisha konteki, ukipoa, unarudi. Inafaa kwenye taa kubwa na wipa, kwa sababu usiku barabarani ni heri taa inayokatika na kurudi kuliko giza kabisa. Haifai kwenye waya mrefu unaopita chini ya zulia au viti. Shoti ikitokea huko, breka itakata na kurudisha usiku kucha, kila safari ikiongeza joto kwenye waya na viungio, hadi konteki zake zenyewe zigande. Zikigandana, huna breka tena.

Aina ya pili ina kikanza kidogo kinachouweka ukanda ukiwa moto maadamu umeme upo. Hairudi mpaka uzime swichi. Hii ni nzuri kwa mota za vioo na viti: mota ikikwama, inakata, unaachia swichi, inapoa, unajaribu tena.

Ya tatu ni ya mkono, yenye kitufe au kijiti kinachochomoza ikikata. Kwa vifaa vya kuongeza, yaani friji, inveta, muziki na betri ya pili, chukua hii bila kusita. Inakulazimisha ufungue boneti na uone. Hakikisha ni ile ambayo hata ukishikilia kitufe kwa nguvu huku shoti ipo, ndani inakata hivyo hivyo. Nyingine pia zina kitufe cha kukata kwa hiari, kinachosaidia fundi anapofanya kazi.

Ukifunga aina mbili za kwanza, angalia maandishi BAT na AUX kwenye miguu yake. BAT ni upande wa betri, AUX ni upande wa kifaa. Mara nyingi mguu huo una rangi ya shaba na mwingine ni wa fedha.

Swali (Mwanza): Breka ya nyumbani ya C20 ninayo tayari. Kuna ubaya gani nikiifunga kwenye gari?

Jibu: Ubaya upo. Sehemu yake ya sumaku, inayokata shoti papo hapo, imepangwa kwa umeme wa nyumbani: C20, yaani ya ampea 20, inasubiri kati ya ampea 100 na 200. Kwenye umeme wa betri inahitaji zaidi ya hapo, karibu mara moja na nusu. Waya mrefu mwembamba wenye shoti kwa mbali huenda usifikishe kiasi hicho, basi unabaki kusubiri sehemu ya joto, inayokata polepole, wakati ganda linaanza kuyeyuka. Tena haijafungwa dhidi ya maji na vumbi, na mtikisiko unalegeza skrubu zake. Iache ukutani.

Swali (Nairobi): Nimeongeza betri ya pili nyuma ya gari. Breka moja karibu na betri ya mbele si inatosha?

Jibu: Haitoshi. Waya huo una betri kila upande. Ukikatika katikati na kugusa chesisi, breka ya mbele itakata, na betri ya nyuma itaendelea kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti ileile. Weka mbili, moja kila mwisho.

Halafu kuna mtego: breka za sola zinazouzwa kwa bei nafuu. Nyingi zina alama za + na −, na zinazima cheche vizuri mkondo ukipita upande mmoja tu. Kati ya betri mbili mkondo unaweza kwenda pande zote, hivyo tafuta isiyo na alama hizo. Na kama betri ya pili ni ya lithiamu, breka peke yake isitegemewe: shoti yake ni kubwa mno. Tanguliza fyuzi ya Class T, aina inayoweza kukata shoti kubwa sana, kwenye betri hiyo.

Swali (Nairobi): Matatu yangu ina breka ya ampea 100 ya muziki chini ya boneti. Mzigo ni 80 hivi, lakini jioni kwenye foleni inaruka. Asubuhi haina shida.

Jibu: Namba ya breka ya joto kwa kawaida imepimwa kwenye nyuzi 25. Kwenye foleni hewa haipiti, chini ya boneti panafika 70, na ukanda umeshapinda nusu kabla muziki haujaanza. Isogeze mbali na ekzosi, lakini ibaki jirani na betri. Usiongeze namba kabla ya kujua waya unabeba ngapi.

Pima pia breka yenyewe. Muziki ukiwa juu, weka multimita kwenye volti na uguse lagi (vichwa vya chuma vya waya) za pande zote mbili za breka. Volti ikiwa kubwa kuliko kawaida ya breka hiyo, kuna kasoro. Volti 0.3 kwa ampea 80 ni wati 24, sawa na chuma kidogo cha kulehemu kikiwa kimewashwa ndani ya kijiboksi cha plastiki. Kosa mara nyingi ni lagi iliyopondwa kwa nyundo, au washa ya chuma iliyowekwa chini ya lagi. Lagi ikae moja kwa moja kwenye shaba, washa juu yake, kisha nati. Ukitaka kujua mzigo halisi, hakikisha mita ya kubana (inayobana waya na kusoma ampea) inapima umeme wa betri. Nyingi za bei rahisi zinapima wa nyumbani tu.

Swali (Iringa): Winchi nayo niiwekee breka ya 150?

Jibu: Hapana. Winchi ya pauni 9,500 ikielemewa inavuta zaidi ya ampea 400, na breka itakata ukiwa kwenye tope. Weka swichi kubwa ya kutenganisha betri, na uiwashe wakati wa kuvuta tu.

Swali (Tunduma): Breka za gari dogo zinafaa lori la volti 24?

Jibu: Soma ubavuni. Ikiandikwa 32V au 48V DC inafaa. Ikiandikwa 12V au 14V, usiifunge. Wati zilezile zinakula nusu ya ampea kwenye volti 24, kwa hiyo piga hesabu upya badala ya kuhamisha namba. Ila kwenye airbag, ABS na kompyuta ya injini usifunge sakiti breka kabisa, kwenye lori wala gari dogo: hapo acha fyuzi za kiwandani.