Wasomaji Wanauliza: Kigimbi, Miwani na Hatua Elfu Kumi

Nina miaka 66 na bado nacheza mpira na wenzangu kila wiki. Mwaka huu kigimbi cha kushoto kimenikamata mara tatu, na kila mara nilikipumzisha wiki mbili nzima. Je, wakati umefika wa kutundika daluga?

Bado, mzee wetu. Umri una mchango wake: misuli hupungua, kano hupoteza mnyumbuko, na mwili unachelewa kupata joto. Lakini kinachokurudisha kwenye maumivu zaidi ni hizo wiki mbili za kukaa tu. Kupumzika huondoa maumivu, hakurudishi nguvu. Msuli uliochanika huunga kwa kovu, na kovu lisilopewa kazi hubaki dhaifu. Siku unapochomoka ghafla kuuwahi mpira, hapo hapo panachanika tena.

Maumivu ya kutembea yakiisha, simama mbele ya ukuta ukiugusa kwa vidole. Nyanyua visigino ukihesabu mbili, vishushe ukihesabu tatu. Fanya mara 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka zitimie raundi tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na zisifuatane, maana msuli hujijenga ukiwa umepumzika. Wengi hukosea kwa kuangusha visigino kwa kishindo, na hapo wanapoteza sehemu yenye faida kubwa, yaani kushuka polepole. Ukimaliza raundi zote bila maumivu, wakati ule na kesho yake asubuhi, anza kunyanyuka kwa mguu mmoja mmoja. Mpirani rudi pale mguu wa kushoto utakapokaribia kufikisha idadi sawa na wa kulia.

Siku ya mechi tenga dakika 15 za kupasha mwili: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kisha mbio fupi tatu au nne, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Kuvuta msuli ungali baridi hakuchukui nafasi ya kupasha. Na ukiketi muda mrefu wakati wa mapumziko, pasha upya kabla ya kuingia.

Kama kukimbia kutaendelea kukuumiza, upo mpira wa kutembea, ulioanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Sheria yake kuu ni kwamba mguu mmoja lazima uwe ardhini wakati wote. Usiudharau: mpira unawekwa mguuni, pasi fupi, na anayesoma mchezo ndiye anayetamba. Kwa mtu wa uzoefu wako huo ni uwanja mzuri sana.

Onyo moja: kigimbi kikivimba, kikapata joto na kuuma ilhali hukujiumiza, usikikande. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nina miaka 71. Kusoma ndiyo starehe yangu, lakini siku hizi kurasa mbili tu macho yanachoka, na nikirudi kesho sikumbuki nani ni nani katika riwaya. Miwani ninayo, ni ya +3.00.

Mama, chukua futi ya kupimia. Keti unavyoketi siku zote ukisoma, kisha mtu akupimie kutoka jichoni hadi kwenye ukurasa. Gawanya 100 kwa sentimita hizo. Sentimita 40 hutoa 2.50, sentimita 50 hutoa 2.00. Kwa jicho la umri wako linaloona mbali vizuri bila miwani, jibu hilo hukaribiana na namba inayofaa. Miwani yako ya +3.00 inataka kitabu kiwe sentimita 33 hivi. Ukikiweka mapajani, maandishi yanafifia, nawe unainamisha shingo kuyafuata. Ndipo uchovu unapoanza. Kama mbali nako huoni vizuri, hesabu hii haikufai, upimwe.

Kisha taa. Kadiri umri unavyosogea mboni hubaki ndogo na lenzi hugeuka rangi, hivyo mwanga unaofika ndani ya jicho hupungua. Taa ya dari peke yake haitoshi. Weka taa nyuma ya bega, imulike ukurasa na si uso wako. Ukiinuka, vua miwani ya kusomea: sakafu na ngazi huonekana zimefifia, na watu huanguka hivyo.

Majina ya wahusika yaandike kwenye kadi unayoitumia kuweka alama, pamoja na neno moja la udugu: shemeji wa fulani, binti wa fulani. Kadi hiyo hiyo iweke chini ya mstari unaousoma, macho yasiruke. Riwaya yenye watu wengi isome mchana, kitandani peleka mashairi au hadithi fupi.

Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, muone daktari wa macho mapema. Ukiona vimulimuli vya ghafla au kama pazia linashuka upande mmoja, nenda siku hiyo hiyo.

Simu yangu inanidai hatua 10,000 kila siku na sizifikishi. Je, najidhuru kwa kutozifikisha?

Hapana. Namba hiyo ilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha hatua elfu kumi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kwa waliotimiza miaka 65, siku tatu au zaidi za mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu. Wastani ni pale unapoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Tumia kipimo hicho hasa kama unameza dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kwa sababu hapo kuhesabu mapigo kutakudanganya. Kwa usawa, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 kila upande, meza ikiwa karibu na mkono.